Namna ya Kuharibu Gramafoni kwa Heshima

Ile gramafoni ya babu iliyokaa juu ya kabati huko Sugoi tangu hujazaliwa haijafa. Imenyamaza kwa sababu hakuna mtu nyumbani anayetaka kuambiwa kwamba ndiye aliyeiharibu. Baba yako aliiogopa. Shangazi yako akaifunika kitambaa cha kufuma. Wewe nawe kila Desemba unaipangusa vumbi, unazungusha hendeli nusu raundi, unasikia kitu kikigonga ndani, kisha unairudisha mahali pake ukiahidi kuitafutia fundi. Sogea karibu. Leo nakufundisha kuiharibu vizuri: polepole, kwa bei nafuu, bila kumwaga damu. Huenda ikaimba kabla hatujamaliza.

1. Chagua makosa yako mapema

Mwenye hofu huogopa kila kitu kwa kiwango kimoja, skrubu na springi vilevile, na hapo ndipo mikono huanza kutetemeka. Ngoja nikupunguzie mzigo. Makosa ya kuogopwa katika kazi hii ni matatu.

La kwanza ni kufungua mkebe wa springi. Mle ndani mna utepe wa chuma cha pua wenye urefu wa mita kadhaa, umejikunja na kujibana, na hata mashine ikisimama kabisa utepe huo bado una hasira. Ukichomoka unakata vidole vibaya sana. Usiufungue. Si wewe, si leo.

La pili ni kuondoa gavana kabla springi haijalegea. Gavana ni ule mhimili wenye vipande vitatu vya risasi vinavyozunguka nao. Kazi yake ni kuzuia mwendo, kama ile inayofungwa kwenye matatu. Ukiitoa springi ikiwa imejaa, nguvu yote inaachiliwa kwa mkupuo mmoja na meno ya giya yanasagika kabla hujasema “ngoja”. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, achia breki, acha sahani izunguke mpaka ichoke yenyewe, kisha isukume kwa kidole uhakikishe kwamba kweli imechoka.

La tatu ni spiriti. Santuri za enzi hizo, zile nzito zinazovunjika zikianguka, zilitengenezwa kwa laki, yaani utomvu wa wadudu wa bara la Asia, uliochanganywa na unga wa mawe. Spiriti huyeyusha laki. Mtu nadhifu anayependa vitu ving’ae anaweza kumfuta mwimbaji Fundi Konde mzima kwa pamba moja. Tumia maji ya kawaida na tone la sabuni, kinga karatasi ya katikati isilowe, kausha kwa kitambaa laini.

Basi, ni hayo. Yaandike kwenye kiganja ukitaka. Mengine yote nakupa ruhusa uyafanye, na uyafanye kwa furaha.

2. Nunua maiti

Tafuta gramafoni mbovu kuliko ya babu. Nyanda hizi hazikukosa mashine hizo. Kundi kubwa la Makaburu lilihamia Uasin Gishu mwaka 1908, reli ikafika Eldoret mwaka 1924, na mlowezi aliyeishi mbali na mji alihitaji kitu cha kumwimbia jioni bila umeme. Wauzaji wa vyuma kuukuu huwa na mambo chini ya rundo, hivyo uliza bila haya, na ukiulizwa unataka ya nini sema ni ya vipuri. Bei hushuka mara moja.

Ukikosa, nunua ile ya mapambo: pembe kubwa ya shaba inayometameta, na picha ya mbwa anayesikiliza. Nyingi ya hizo zimeunganishwa India miaka ya karibuni, na wakusanyaji wa kweli huzicheka. Wewe usizicheke. Mara nyingi ndani yake mna mota halisi iliyotolewa kwenye gramafoni ndogo ya zamani, na hakuna ukoo utakaoililia. Legeza springi kama nilivyokuambia, kisha ifungue. Kula vichwa vya skrubu. Poteza washa moja, uitafute chini ya kochi. Irudishe vipande vyake kinyume, ishangae inavyokataa kuzunguka, ifungue tena. Vijana wa jua kali hujifunzia kwenye injini isiyo na mwenyewe kabla ya kupewa gari la mteja, na sioni kwa nini wewe uanzie kwenye urithi wa ukoo.

3. Anza na ushindi wa bure

Sasa rudi kwa ya babu na ubadilishe sindano. Hivyo tu. Sindano ya chuma hucheza upande mmoja wa santuri, dakika tatu hivi, kisha imekwisha. Nyumba nyingi zilitumia ileile kwa miaka, na sauti ilipogeuka mkwaruzo wakasema mashine imekufa. Sindano butu haiharibu sauti ya leo pekee, inachimba mfereji wa santuri wenyewe. Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, alivuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye mifereji hiyo. Mheshimu kwa kibati cha sindano mpya.

Ukimaliza, mwite mtu aone. Nasema kweli, mwite. Hofu ya kukosea hulishwa na kujificha, na majivuno kidogo ni dawa yake nzuri. Kama huna hakika na sauti bado, zungusha sahani ikiwa tupu. Watoto wa jirani wataridhika, na watu wazima watajifanya wamekuja kuwachukua watoto.

4. Njia za mkato zisizo na aibu

Piga picha kwa simu kabla ya kutoa kila kipande. Mwenye kumbukumbu kali ndiye hubaki na skrubu moja mkononi kazi ikiisha, hivyo usijidai. Chukua trei ya mayai, weka kila kundi la skrubu kwenye shimo lake, kwa mfuatano ulivyozitoa. Ukirudi, rudi kutoka shimo la mwisho.

Kichwa cha sauti, kile kinachoshika sindano, kina kiwambo chembamba cha ulanga au cha alumini kilichobanwa kati ya viringi viwili vya mpira. Mpira huo umekuwa jiwe zamani, ndiyo maana babu wa watu anaimba kama ana mafua. Usilipe mtu kukuletea gasketi kutoka Uingereza. Nenda kwa fundi wa baiskeli ukanunue mpira mwembamba wa valvu, lile bomba laini linalovishwa kwenye valvu ya tyubu. Kata kwa kipimo, zungushia kiwambo, bana polepole. Wakusanyaji wa Ulaya nao huutumia, ila wao huuita kwa majina marefu.

Skrubu ikikataa, usishindane nayo. Tia mafuta ya kupenyeza, nenda ukakamue ng’ombe, rudi kesho. Bisibisi ijae mfereji wa skrubu vizuri. Ikicheza, tafuta nyingine.

Na kama sindano za chuma hazipatikani, kuna miiba. Miaka ya 1930 wapenzi wa muziki huko Uingereza walichezesha santuri zao kwa miiba ya dungusi iliyokaushwa na kunolewa, wakisema inaitunza laki kuliko chuma. Sauti inapungua, ni kweli, lakini mfereji unapumzika.

5. Kile kitu kinachogonga

Kitu ulichosikia kikigonga kila Desemba ni grisi. Ndani ya mkebe grisi ya asili imekauka ikawa nta, springi inanasa, kisha inaachia kwa kishindo. Ni mkebe uleule niliokukataza. Utoe mzima mzima bila kuufungua, uufunge kwenye gunia, panda nao matatu hadi Eldoret ukamtafute fundi wa saa mzee, wa saa za ukutani. Yeye amezoea springi tangu ujana wake. Mwambie unataka isafishwe kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi yenye grafiti. Kumlipa mwenye ujuzi kwa hatua moja si kushindwa, na nyumbani si lazima utaje hatua hiyo isipokuwa ukiulizwa moja kwa moja.

Kama mashine ni HMV 102, iliyoanza kuuzwa mwaka 1931, una bahati: hata springi mpya zake bado zinatengenezwa.

Wewe baki na gavana. Kipande cha ngozi kinachoigusa kimekauka, na ndicho kinachofanya mwendo uwe wa kusitasita. Tone moja la mafuta linatosha. Kisha pima: chomeka kijikaratasi chini ya ukingo wa santuri, hesabu mara ngapi kinapita mbele yako kwa dakika. Unatafuta 78. Ukipata 75, songeza skrubu ya mwendo kidogo. Ukipata 77, pika chai.

6. Mjuaji atakuja

Hakosekani. Atasimama mlangoni, asikilize kwa kichwa kilichoinama, aseme ya kwao ilikuwa ikilia vizuri zaidi. Mpe kiti, na usijitetee. Msimulie habari ya Kapkatet, kusini mwa hapa, kwa Wakipsigis. Sauti ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ilifika huko kwa gramafoni. Watu walimsikia bila kumwona, wakampa jina lililokaa vizuri midomoni mwao, Chemirocha, na wakamwaza kuwa nusu mtu nusu swala. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipokuja na mitambo yake ya kurekodi, wasichana walimwimbia wimbo wa Chemirocha kwa sauti nyororo, na wimbo huo umesafiri dunia kuliko santuri nyingi zilizochezwa kwa mwendo sahihi. Nakala zake zilirudishwa kwa Wakipsigis mwaka 2015. Hakuna aliyeuliza kama mashine ile ya kwanza ilizunguka mara 78 kamili.

Mjuaji atanyamaza akitafakari. Wakati huo geuza santuri.

7. Ukishindwa

Kuna kushindwa kusikokuwa kwako. Baadhi ya mikono na vichwa vya sauti vilimiminwa kwa zinki isiyo safi, na zinki hiyo hujipasua yenyewe kadiri miaka inavyopita, hata ikilala kabatini bila kuguswa. Ukiona nyufa ndogo kama utando na kipande kinamong’onyoka kati ya vidole, weka chini. Usitie gundi ya haraka, maana utafunga pia vile vilivyokuwa vinatembea.

Panga vipande vyote kwenye trei, andika karatasi ya kila ulichofanya, pamoja na ulichokosea, uibandike chini ya ubao wa mota. Mafundi wa saa wana desturi ya kukwaruza tarehe ndani ya saa wanazofungua, nawe unastahili kuacha alama. Halafu wape habari nyumbani wakati kogo, yaani bibi yako, ameshika kikombe cha chai, si kabla. Sema kwa kifupi: zinki imepasuka, springi ni nzima, giya ni nzima, ukipatikana mkono mwingine inaimba. Usiombe radhi kwa zinki.

Watakutazama kwa heshima ambayo hukuitarajia, kwa sababu katika nyumba hiyo ni wewe pekee uliyewahi kuifungua. Kabla heshima hiyo haijapoa, uliza nani ana cherehani isiyoshona.