Mrithi Asiyelia Msibani

Washairi wetu wamesifu wafalme, majahazi, wanawake wazuri na hata kahawa. Sijaona aliyemsifu mrithi mmoja ambaye hakosekani katika ukoo wowote, uwe wa Kigoma au wa Masaki, wa Kikristo au wa Kiislamu. Mrithi huyo ni gharama za mirathi. Hakumuuguza marehemu, hakukesha matangani, hakuchangia hata ubao wa jeneza. Lakini siku mali inapohesabiwa fungu lake lipo, tena lipo mbele ya watoto.

Nasema mbele ya watoto na sitii chumvi. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linamwagiza msimamizi akusanye mali ya marehemu, alipe madeni yake na gharama za usimamizi, na baada ya hapo ndipo agawe. Masheikh nao hufundisha mpango wa namna hiyo: mazishi, madeni, wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Kifungua mimba aliyezoea kukaa mbele kwenye kila shughuli ya familia anajikuta yuko foleni nyuma ya risiti ya fotokopi.

Tena ni mrithi mwenye haki kuliko sisi sote. Sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliwapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa juu kabisa, watoto wengine wa kiume wakafuata, mabinti wakawekwa daraja la tatu, na mjane akaambiwa kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Ada ya kufungua shauri haina madaraja. Mjane akisimama pale dirishani anatozwa kile kile anachotozwa shemeji yake mwenye malori mawili. Ukitaka kuona mwanamke akihesabiwa sawasawa na mwanamume katika mirathi, usiende kwenye mgao, nenda kwa mhasibu.

Na huyo mhasibu tusimsingizie. Ada ya mahakama ya mwanzo yenyewe ni ndogo; unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, mambo yamekwisha. Sijasikia mirathi iliyofilisika kwa ada ya kufungulia shauri. Kitambi cha gharama, ile heshima yake ya kiutu uzima, tunakilisha wenyewe.

Chukua kikao cha ukoo. Majaji wamesema zaidi ya mara moja kwamba muhtasari wa kikao hicho si sharti la sheria, ni utaratibu mzuri tu unaomsaidia hakimu kujua ndugu wanamtaka nani. Habari hiyo haijatufikia. Baba mdogo anatoka Mwanza kwa basi, kwenda na kurudi juu ya marehemu. Shangazi haji peke yake, anakuja na mjukuu wa kumshika mkono, na mjukuu naye anakula. Inanunuliwa nyama, unanunuliwa mchele, soda za vijana na maji ya chupa ya wazee. Kikao kimetangazwa saa nne asubuhi, kwa hiyo saa nane mchana mwenyekiti anafungua kwa dua. Ajenda ni moja: nani awe msimamizi. Kabla haijafikiwa, linazungumzwa kwanza shamba la babu lililouzwa kimyakimya, kisha nani hakuonekana kwenye msiba wa nani. Magharibi jina linapatikana, lile lile alilolitaja mjane asubuhi akipepeta mchele. Katibu, mpwa anayesoma chuo, anazungusha daftari. Wenye kalamu wanatia saini, wengine wanabonyeza dole gumba na kulipangusia ukutani. Unatoka ukurasa mmoja. Gawa gharama za siku ile kwa maneno yaliyomo, utaona kwamba hakuna mwandishi wa gazeti nchini anayelipwa vizuri hivyo. Nalisema hilo kwa kijicho.

Lakini nani mwingine angewakutanisha watu wale? Harusi wanatumiana michango kwa simu. Kwenye sikukuu wanatumiana picha za mbuzi. Gharama za mirathi peke yake ndizo zenye nguvu ya kumvuta binamu kutoka Songea akaketi mkeka mmoja na binamu asiyemsemesha.

Tena zina kipaji cha kufichua. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na likienda gazetini hulipiwa. Watu hunung'unikia pesa hiyo bila kufikiri wanachonunua. Kwa bei ya kisanduku kidogo katikati ya matangazo ya viwanja, familia inapata habari ambayo marehemu aliitunza maisha yake yote: kuna mama mwingine Morogoro, ana watoto wawili, na pua ni ile ile.

Sasa njoo kwenye jina, maana hapo ndipo mrithi wetu anapoonyesha ufundi. Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kimeandikwa Rashidi Athumani. Benki inamjua Rashid A. Othman. Hati ya kiwanja, iliyoandikwa na karani wa zamani aliyesikiliza zaidi kuliko kuuliza, inasema Rashidi Asumani. Mtaani aliitwa Mzee Chidi, na hakuna mtu aliyewahi kupotea akimtafuta. Msimamizi anatumwa akalete kiapo. Nje ya uzio wa mahakama kuna steshenari yenye kompyuta moja na mashine ya fotokopi inayopata joto mapema. Binti anachapa bila kumtazama mteja, kwamba Rashidi, Rashid, Athumani, Othman na Asumani ni mtu mmoja na ni huyo huyo. Karatasi inavuka barabara kwa wakili. Wakili anagonga mhuri mara mbili, wa pili kwa kuwa wa kwanza haukukolea, na analipwa. Karatasi inarudi kutolewa nakala: ya mahakama, ya benki, ya ofisi ya ardhi, na moja ya akiba, kwa sababu binti kauliza "na ya akiba?" kwa sauti ambayo huwezi kuikatalia. Herufi "i" aliyoibeba mzee tangu utotoni bila kuujua uzito wake, leo imepata bei.

Fadhila nyingine ya mrithi huyu ni subira. Hana haraka, hata wenzake wakikaa miaka. Kanuni za mirathi za Mahakama Kuu zinamtaka anayeleta ombi baada ya miaka 3 tangu kifo aeleze sababu za kuchelewa. Maelezo ni hati, hati inaandikwa na mtu, na mtu huyo ana watoto shuleni.

Likitokea pingamizi, gharama hunawiri. Shauri lililoanzia mahakama ya mwanzo linaweza kupanda mahakama ya wilaya, likapanda Mahakama Kuu, na likithibitishwa kwamba lina hoja ya kisheria, likaingia Mahakama ya Rufani. Kila ngazi ina ada zake, nakala zake na nauli zake. Wakati huo nyumba inayogombewa, tuseme ya vyumba sita pale Manzese, inakusanya kodi, na kodi inakwenda kwa mawakili wa pande zote mbili. Nyumba inajilipia kesi yake yenyewe. Ni mali chache sana zenye moyo huo.

Maadui anao. RITA wanaandika na kuhifadhi wosia. Temeke kuna kituo jumuishi kinachoshughulikia mashauri ya mirathi na ndoa, ili mjane asipande daladala tatu kufuata mhuri mmoja. Kwa bahati njema, sisi tunaamini kuandika wosia ni uchuro. Mpelekee mzee karatasi na kalamu uone. Atakuuliza una haraka gani, na jioni hiyo hiyo atahamisha ufunguo wa kabati.

Mwisho wa safari ni fomu. Ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa na mahakama ya mwanzo, msimamizi anatakiwa kuwasilisha Fomu Na. 5, yenye mali na madeni yote, kisha Fomu Na. 6, yenye hesabu ya kilichoingia na kilichotoka. Fomu Na. 6 ndiyo kitabu cha sifa za mrithi huyu, na inastahili kusomwa polepole. Nauli, Mwanza. Nauli, Songea. Nyama na mchele. Tangazo. Kiapo. Kiapo tena. Mthamini wa nyumba. Nauli ya mthamini. Fotokopi. Mengineyo. Chini kabisa, baada ya kutoa kila kilichotolewa, inabaki baiskeli moja aina ya Phoenix, pampu yake ipo, na warithi saba. Baba mdogo amepiga simu. Anaona jambo la baiskeli haliwezi kuamuliwa hewani, ukoo ukutane, na nauli ya Mwanza siku hizi imepanda, lakini hiyo isiwatie shaka, itaingia kwenye mengineyo.