Utingo Kazamia Lekcha

Jamani, mmesikia? Utingo wa Fuso la vitunguu, kijana wetu wa hapahapa Mikumi, anasoma chuo kikuu na chuo chenyewe hakina habari. Gari likitoka Malolo na mzigo, likafika Morogoro, wenzake wanatafuta kivuli walale mpaka wapakuzi wamalize. Yeye anaoga bombani, anavaa shati la mikono mirefu, anakamata daftari, huyoo, anaingia lekcha. Hajasajiliwa, hana kitambulisho, hana namba ya mtihani. Kazamia kama watu wanavyozamia harusi, ila huko hakuna pilau.

Habari ilipotua kijiweni, pale stendi, kila mtu alisonya kwa sababu yake. Muuza kahawa alisonya kwa kuwa kaona ni wizi: watoto wa wenzake wameuziwa ng'ombe na mashamba ili walipe ada, huyu anakula bure! Bodaboda mmoja akasonya kwa kuwa hakuona faida. "Cheti atapata?" Hapati. "Bumu?" Hapati. "Sasa dogo, unafuata nini kule, kiyoyozi?" Mimi nikawasonya wote wawili.

Nianze na huo wizi. Mhadhiri anasema kwenye kipaza sauti, ukumbi una watu mamia. Sikio la utingo likiongezeka, ni la nani lililopungukiwa? Wizi niujuao mimi ni wa yule aliyelipiwa ada, jina lake limo kwenye karatasi ya mahudhurio kila wiki, mwili wake uko bwenini umejifunika shuka. Mwenzake ndiye anayemsainia. Mtihani ukikaribia utamwona kwenye vimbweta, anakimbizana na desa la watu wengine, na akidisko anarudi nyumbani kusema karogwa. Huyo hatumwiti mwizi. Tunamwita msomi, na akija likizo tunampisha kwenye benchi.

Na msidhani kwamba mlango wazi ni ndoto za mlevi. Paris kuna chuo kinaitwa Collège de France, kipo tangu mwaka 1530, tena kiko palepale kinafundisha. Anaingia anayetaka, bure, bila kujiandikisha. Mtihani hakuna, shahada hakitoi. Anayekwenda kule amefuata somo tu, na maprofesa wake ni vichwa hasa. Hata sisi tulikuwa na darasa letu la namna hiyo. Pale chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, enzi za mwanahistoria Walter Rodney, vijana wa USARF, chama cha wanafunzi ambacho Yoweri Museveni, baadaye rais wa Uganda, alipata kuwa mwenyekiti wake, walikuwa na darasa la itikadi la Jumapili. Halikuwa na alama wala cheti, na watu walijaa. Jumapili, jamani! Siku ambayo siku hizi mwanafunzi anafua soksi.

Bodaboda hakuridhika, na kusema kweli hoja yake ina miguu. Ukienda kuomba kazi hakuna anayekuuliza umesikia nini, unaulizwa karatasi. Nikamtajia Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu asome akiwa kwake na kazi yake. Akaniuliza, "Bure?" Nikanyamaza. Ada ipo, sawa, hapo kanishinda.

Lakini sikilizeni dogo, utingo wetu, alirudi na nini wiki moja. Anasema kakaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa kukimbilia, mhadhiri kawasha projekta, na ukutani ikatokea ramani. Ramani ya wapi? Kilosa! Wilaya yetu! Somo lilikuwa migogoro ya wakulima na wafugaji, na mfano wa kwanza ni Rudewa Mbuyuni, Desemba 8, 2000, siku waliyouawa watu 38. Dogo anasema nusura asimame.

Mnaona basi? Sisi tumo darasani siku zote, ila tumo ukutani, kwenye viti hatumo. Mwaka 2009 Mnorwe Tor Benjaminsen na wenzake wa Kitanzania, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, waliandika juu ya mauaji yale katika jarida la Development and Change. Wakabishia ile hadithi nyepesi kwamba watu waligombana kwa sababu ardhi ni finyu; wakaandika habari za wafugaji kusukumwa pembeni, rushwa, na watu kutokuwa na imani tena na wenye mamlaka. Maneno mazito hayo, na mengi yake mzee yeyote wa Rudewa angekwambia. Ila yameandikwa kwa Kiingereza, kwenye jarida la wasomi, na Rudewa gazeti lenyewe la Kiswahili likifika limeshafungia maandazi.

Nyani ndio usiseme. Hawa wa Hifadhi ya Mikumi, wanaokaa kando ya lami wakisubiri maganda ya ndizi kutoka kwenye mabasi, wamesomwa tangu miaka ya 1970. Watafiti akina Ramon Rhine na Guy Norton waliwafuata miaka na miaka, wakajua nani mama yake nani na nani kahama kundi. Nyani wa Mikumi ana faili chuo kikuu! Bodaboda wa Mikumi faili lake liko polisi.

Hapo akaingilia mwalimu mstaafu, kashuka kwenye Noah ya Kilosa, anakwenda hospitali ya Mtakatifu Kizito kupima presha. Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi, akapewa benchi. Akasema yeye haoni cha kushangaza, kwa kuwa yeye alisoma bila kujiandikisha kabla hatujazaliwa. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya: kijiji kinakaa kikundi kikundi kuzunguka redio, kiongozi ana kitabu, kipindi kikiisha mnajadili. Na mjadala hauishii mdomoni, kesho yake mnachimba choo. "Hakuna aliyeuliza cheti," akasema. "Cheti chetu kilikuwa choo." Kijiwe kikacheka mpaka abiria wa basi la Songea wakachungulia dirishani.

Mimi sijacheka sana. Nimewaza kwamba wakati ule somo lilifunga safari kuja kijijini, sasa kijana inabidi apande juu ya magunia ya vitunguu, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mikumi hadi Morogoro, akasikilize habari za kwao. Tena kwa Kiingereza. Nikamuuliza dogo, hicho Kiingereza unakielewa? Akasema nusu nusu, ila mhadhiri akinogewa anahamia Kiswahili, na utamu wote uko hapo. Ameanza kuandika maneno asiyoyajua pembeni ya daftari. Dereva wake, aliyewahi kupeleka mizigo Zambia, ndiye kamusi.

Alhamisi Fuso linapakia tena. Mwalimu akaomba kalamu, akaandika swali kwenye kipande cha boksi la sigara: hao wanaofundisha Rudewa, wanafunzi wao wameshaletwa Rudewa hata siku moja? Akampa dogo apeleke. Dogo akakataa katakata. "Mwalimu, nisamehe. Mzamiaji hanyooshi mkono. Nikiuliza tu, na wao wataniuliza niko mwaka wa ngapi."

Bodaboda, yuleyule wa cheti atapata, akakinyakua kile kipande. "Lete hapa. Naenda mimi, naulizia nje, mlangoni, akitoka. Nje si kila mtu kasajiliwa? Nichangieni nauli tu."

Ukazuka ugomvi mpya, nani atoe nauli. Muuza kahawa, aliyesema wizi ni wizi, ndiye aliyetangulia kuweka elfu moja mezani, halafu akafungua daftari lake na kuanza kudai madeni ya kahawa ya wiki nzima.