Barua ya Wazi kwa Bodi ya Zabuni Kuhusu Hatari ya Kitu cha Bure

Mwenyekiti,
Bodi ya Zabuni,
Ofisi yoyote ya umma,
Afrika Mashariki.

Kumb. Na.: Haijapatikana. Kompyuta ya masijala inajisasisha na imeomba isizimwe.

YAH: PONGEZI KWA KUIKATAA LINUX

Husika na somo tajwa hapo juu.

Bodi inapongezwa kwa msimamo wake usioyumba dhidi ya Linux na jamaa zake wote wanaoitwa programu huria. Zama hizi kila taasisi inahimizwa kubana matumizi, hivyo ulihitajika ujasiri mkubwa kuutazama mfumo endeshi usiodai ada ya leseni, unaoruhusiwa kunakiliwa kwenye kompyuta kumi au elfu kumi kwa flashi ileile moja, kisha kuukataa kwa hoja moja nzito: haujazoeleka.

Mjumbe aliyetoa hoja hiyo bila shaka alikuwa na simu ya Android mfukoni, ambayo kiini chake ni Linux. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani katika orodha ya TOP500 zinaendeshwa na Linux. Mwaka 2021 helikopta ndogo ya NASA, Ingenuity, iliruka kwenye sayari ya Mirihi ikitumia Linux hiyohiyo, mahali pasipo na fundi wala semina ya kujengeana uwezo. Lakini Bodi imeona mbali. Kuruka Mirihi ni jambo moja. Kuandika dokezo la kuomba rimu mbili za karatasi ni jambo jingine kabisa.

Mazoea yenyewe huanzia nje ya geti la ofisi. Karani ambaye laptopu yake imegoma huipeleka kwa fundi wa pale chini ya ngazi, naye huipiga Windows kwa bei ya sahani ya wali. Mfumo hutoka kwenye flashi ya fundi, kisha huamshwa kwa kiprogramu kisichojulikana kilikotoka, ambacho sharti lake la kwanza ni kuzima kinga ya virusi. Kesho yake flashi ya karani inaingia ofisini, na kufikia saa nne folda zote za idara ya uhasibu zimegeuka kuwa njia za mkato zisizofika popote.

Hapo fundi huitwa tena. Anatoa flashi nyingine, yenye Linux, anaiwasha kompyuta kutokea humo, anaziona folda zilizofichwa zikiwa salama, anazinakili zote, kisha anaipiga Windows upya na kuirejesha mezani. Katika taarifa ya tukio, mfumo uliookoa mishahara ya mwezi hautajwi. Ulikuwepo dakika arobaini tu, na haujazoeleka.

Lakini haki itendeke: Linux ina vituko vyake, na anayevificha anaisaidia Bodi. Ziko laptopu zenye chipu za wai-fai za Broadcom ambazo baada ya kuwekewa Linux hazioni mtandao hadi zishushiwe draiva, na draiva iko kwenye mtandao. Wazoefu huchomeka simu kwa waya wa USB, bando likatumika, draiva ikashuka. Mgeni asiyejua hilo hukaa akiitazama alama ya wai-fai yenye msalaba, na asubuhi anarudi kwa yule fundi wa chini ya ngazi.

Kuna pia aibu ya barua zinazohama. Barua iliyopangwa kwa herufi za Calibri ikifunguliwa kwenye programu huria ya ofisi iitwayo LibreOffice, pasipo fonti mbadala, mistari hujisogeza, aya zinarefuka, na saini ya Mkurugenzi inajikuta peke yake ukurasa wa pili. Calibri ni mali ya Microsoft, kwa hiyo haiji na Linux. Fonti iitwayo Carlito ilichorwa kwa makusudi ili kila herufi yake iwe na upana sawa na ya Calibri, na ikishawekwa, saini hurudi mahali pake. Bodi inashauriwa isiliruhusu jambo hilo. Saini ikikaa sawa, hoja nyingine ya kuikataa Linux itakuwa imepotea.

Ama kuhusu printa, hapo Bodi ingejisikia nyumbani. Mnamo mwaka 1980 hivi, katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, printa ya Xerox ilikuwa ikikwamisha karatasi bila kumwambia mtu. Mwanaprogramu Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu yake ili iwape taarifa waliotuma kazi, akaomba msimbo wake, akanyimwa. Kisa hicho amekisimulia mara nyingi kama mojawapo ya vyanzo vya harakati zake, na mwaka 1983 akatangaza mradi wa programu huria wa GNU. Harakati nzima ya programu huria, kwa hiyo, ina deni kwa karatasi iliyokwama. Ofisi ambayo printa yake inapigwa kofi kila asubuhi kabla ya kutoa nakala ilipaswa kuwa mwanachama mwanzilishi.

Bodi ikumbushwe pia jambo la karibu zaidi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi ile haikupotea: hadi leo LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, inakuja na kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Wakati huohuo, katika ofisi ambazo lugha ya kazi ni Kiswahili, karani anaandika Kiswahili sanifu siku nzima huku programu iliyonunuliwa kwa fedha za umma ikimpigia mstari mwekundu chini ya kila neno, kama mwalimu wa zamu. Wengi wamekwisha kuamini kwamba mistari ile ni sehemu ya herufi za serikali.

Inafahamika kwamba wakati wa mjadala Bodi hupenda kutaja Munich. Mwaka 2003 baraza la jiji hilo la Ujerumani liliamua kuhamia Linux, ingawa Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alikatiza mapumziko yake ya kuteleza kwenye theluji ili kwenda kuonana na meya, Christian Ude. Kufikia mwaka 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza, chini ya meya mwingine, lilipiga kura kurudi Windows. Bodi huanzia kusoma kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Haifiki Ufaransa, ambako jeshi la polisi la Gendarmerie lilianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008 na sasa lina zaidi ya kompyuta 70,000 zinazoitumia. Wala haifiki Schleswig-Holstein, jimbo la Ujerumani hiyohiyo, ambalo mwaka 2024 lilitangaza kuhamishia kompyuta 30,000 kwenye LibreOffice.

Hata hivyo, kuna somo katika safari ile ya Ballmer. Programu inayouzwa ina mtu wa kukatiza likizo kwa ajili yake. Programu huria haina wakala wa kuleta kalenda na shajara mwezi Desemba, haina mkataba wa kutiwa saini mbele ya kamera, wala haigharimii semina ya siku tatu Bagamoyo au Naivasha. Inaingia kwenye zabuni kama yatima, na katika safu ya bei imeandikiwa sifuri, tarakimu ambayo haijawahi kumpendeza mhasibu yeyote.

Ipo tarakimu itakayompendeza. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilikoma kupewa marekebisho ya usalama ya bure. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, vitu ambavyo kompyuta nyingi zilizomo maofisini hazina. Taasisi inayotaka kuendelea kulindwa ililetewa bei ya dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, inayoongezeka mara mbili kila mwaka, hadi miaka mitatu. Hiyo ni 61, kisha 122, kisha 244: jumla dola 427. Ofisi yenye kompyuta 200 italipa dola 85,400, na baada ya malipo ya mwisho bado italazimika kuzitoa kompyuta hizohizo.

Kuhamia Linux nako kunagharimu. Watu wafundishwe, hati za zamani zikaguliwe, na mfumo wa malipo ambao muuzaji wake ameutengeneza kwa Windows tu utafutiwe njia. Tofauti ni kwamba fedha hiyo inalipwa kwa mafundi na walimu wa hapahapa, nao wanabaki na ujuzi hata mkataba ukiisha.

Baada ya pongezi hizo, Bodi inaombwa mambo matatu:

1. Itaje hitaji, isitaje jina la bidhaa. Nchini Kenya, kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 kinakataza kutaja alama ya biashara kwenye vigezo, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kulieleza hitaji na bidhaa mbadala inayolingana inaruhusiwa.

2. Hati za ofisi zihifadhiwe kwa muundo wa ODF, kiwango cha kimataifa cha ISO tangu mwaka 2006, ili barua ya leo isimdai mjukuu wa karani leseni ya kuifungua.

3. Itoe stoo kompyuta kumi zilizokwisha kuandikiwa kufutwa, iziwekee Linux, na izikabidhi kwa masijala kwa robo moja ya mwaka wa fedha. Zikishindwa, zirudishwe stoo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani wa Masijala
(kompyuta imefika asilimia 34)

Nakala:
Mhasibu Mkuu – kwa hesabu ya dola 85,400.
Fundi wa chini ya ngazi – aje na flashi zote mbili.
Mzabuni pekee aliyetimiza vigezo – kwa taarifa, kwa kuwa ndiye aliyeviandika.