Mabati Sitatuma: Barua kutoka Omani

Shangazi, shikamoo. Nanyi nyote mliojaa hapo barazani Isevya, Tabora, mkisubiri msomaji, salaam nyingi.

Mliniuliza kwenye simu kama joto la huku ni kweli au ni maneno ya watu wasiotaka kutuma hela. Basi sikilizeni. Tarehe 26 Juni 2018, mji wa Qurayyat, ulio hapa pwani, ulikaa saa 24 kipimo kisishuke chini ya nyuzi 42.6. Hilo si joto la mchana, Shangazi. Hiyo ndiyo ahueni yao ya usiku, na dunia nzima haikuwa na rekodi kama hiyo. Nyie mwezi wa kumi mkitoa mikeka uani na kuilaani mvua iliyochelewa, mimi huku nawaonea wivu.

Na katika jua hilo watu wanatembelea makasri! Aliyenitia katika shughuli hiyo ni mzee mwenyeji wetu, Mwomani aliyezaliwa Gongoni, huko huko Tabora, ambaye kila asubuhi huwasalimu wajukuu zake kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" nao huendelea kubonyeza simu. Nilipositasita akanisuta: "Babu zetu walikwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, miezi mitatu na zaidi, nawe unaogopa saa mbili ndani ya gari lenye kiyoyozi?" Nikamjibu kwa adabu kwamba ni kweli walitembea, ila frasila mbilimbili za mizigo zilikuwa mabegani mwa babu zangu. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Masharti yake yalikuwa makali kuliko ya mganga. Tuondoke mara baada ya sala ya Alfajiri. Jinzi ibaki nyumbani, nivae kanzu nyeupe iliyopwaya. Maji ninywe kabla ya kiu, tena yasiwe ya barafu. Na kabla ya adhuhuri tuwe tumeshatoka, maana kuanzia Juni hadi Agosti serikali inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana. "Anayelipwa anakatazwa," alisema, "wewe unayekwenda kushangaa bure utang'ang'ania nini?"

Tulifuatana na mtani wangu Mzaramo. Mnaujua utani wetu na watu wa pwani ulivyotoka katika misafara ile. Gari liliposimama Jabrin, karibu na Bahla, alishuka mikono mitupu, akalitazama dumu la maji, kisha akanitazama mimi. "Mnyamwezi yupo," akasema, "mzigo utakwendaje peke yake?" Nikalipandisha ngazi zote, naye nyuma yangu akiimba nyimbo za wapagazi alizozitunga papo hapo.

Kasri lenyewe lilijengwa karne ya 17 na Imamu Bil'arab bin Sultan. Nje jua linakuchoma mpaka utosini. Ukivuka mlango, ukuta mnene unalikatalia. Ghorofani kuna ukumbi wa madirisha 14: saba yako karibu na sakafu, saba karibu na dari. Upepo unaingia kwa yale ya chini, joto linapanda na kutokea kwa yale ya juu, bila umeme wala bili. Wageni wengine walisimama katikati wakijipiga picha na kulowa jasho. Sisi tuliolelewa mkekani tukaketi chini, mgongo dirishani, tukapata raha ambayo Imamu alikusudia. Kuna pia chumba cha farasi wake, huko huko juu. Mtani hakuniachia: "Farasi alipanda, wewe unahema nini?"

Chini kuna ghala la tende, ambako magunia yalirundikwa mpaka tende zikatoa asali yake kwa uzito wao wenyewe. Wanasimulia kwamba katika ngome za huku asali hiyo ilichemshwa na kumwagiwa maadui. Shangazi, asali! Tabora hilo peke yake lingeanzisha vita vya pili.

Imamu alizikwa humo humo kasrini, baada ya kuzingirwa na ndugu yake Saif, yule yule ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698. Msidhani ugomvi wa urithi ulianzia kwetu.

Nikiwa nimekaa pale dirishani nililikumbuka tembe la huko kwetu Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi: kuta nene za udongo, dari ya udongo, baraza pana. Tulilicheka utotoni, kisha tukajiezekea mabati na sasa tunaiva kama mikate. Kwa hiyo mwambie Baba Mdogo asiibomoe nyumba ya udongo ya babu. Hela ya mabati aliyoiomba sitaituma. Atasema ni ubahili, mjibu ni elimu ya Jabrin.

Mzee anaomba michembe, na akipatikana msafiri, asali ya miombo pia. Mzaramo anawasalimu. Msiitikie.