Tisini Si Jibu

Mafundi wa Buyenzi nawapenda, na ndiyo maana nawasonya mbele ya watu. Iingie gereji Carina TI ya teksi, iingie Impreza yenye tabo, ukiuliza bwate ya vitesi, yaani giaboksi, inawekwa oili gani, jibu ni lile lile: tisini. Tisini ipo, lete pesa. Dumu linavutwa chini ya meza, lebo imeshafutika kwa mafuta, faneli inatafutwa, kazi imekwisha. Mh! Tisini ni uzito, ndugu zangu. Inakwambia oili itakuwa nzito kiasi gani ikishapata moto. Haikwambii imetiwa dawa gani, na dawa ndiyo inayoiponya giaboksi au kuiua.

Hapa ligala, kijiweni, wapo wanaobisha. Wazee wa teksi watakwambia Corolla zao zimekunywa tisini ya dumu miaka na miaka, na vitesi vinaingia. Nawaamini. Kitabu cha Corolla nyingi za zamani chenyewe kimeandika 75W-90, GL-4 au GL-5, chukua yoyote. Toyota ilivumilia. Shida imeanzia kwenye uvumilivu huo: mji mzima umejifunzia ufundi kwenye gari linalosamehe, kisha vijana wakaingiza magari yasiyosamehe, na dumu likabaki lile lile.

Geuzeni kopo. Acheni picha ya mbele, someni maandishi madogo ya nyuma, mtafute herufi GL na namba inayofuata. Hilo ni daraja la API, Taasisi ya Petroli ya Marekani. GL-5 ina dawa ya salfa na fosforasi karibu mara mbili ya GL-4. Meno ya chuma yakibanana kwa nguvu mpaka oili ikakamuliwa yote, joto huiamsha ile dawa, ikaacha utando mwembamba juu ya chuma, na utando ndio unaosagika badala ya jino. Difu ya nyuma ya Hilux haiwezi kuishi bila hiyo, kwa sababu meno yake ni ya haipoidi: yanasukumana na wakati huo huo yanateleza, mzigo wote ukiwa juu yao.

Lakini giaboksi ya manyuo ina kiumbe mwingine ndani, pete za sinkro, na nyingi ni za shaba ya manjano. Ukitoa gia ya pili kwenda ya tatu, shafti ina kasi yake na gia ina kasi yake. Pete inaikumbatia koni ya gia, inaisugua mpaka kasi zinalingana, ndipo meno yanaingia kimya. Nisikilizeni hapo: pete inataka kusugua! Hiyo ndiyo kazi iliyoajiriwa kuifanya. Ukiimwagia GL-5, oili iliyotengenezwa ili vitu viteleze, pete inateleza juu ya koni, mkono umeshasukuma, na kraaa! Kijana anasema klachi imekufa. Fundi naye anasema klachi imekufa. Giaboksi inashushwa, klachi mpya inafungwa, gari inaingia barabarani, na kraaa iko pale pale. Pesa ya watu hiyo, jamani. Pesa ya mtu aliyesimama juani anauza.

Wapo wanaotisha kwamba GL-5 inakula shaba kama tindikali. Za zamani zilikuwa na salfa kali, shaba ikipata joto kubwa ilibadilika rangi na kulika. Nyingi za siku hizi zimetulizwa. Ule utelezi ndio haujatulizwa.

Sasa mwenye haraka ataruka: basi GL-4 kwa kila manyuo, tumemaliza. Aka! Hujamaliza hata nusu. Impreza ya manyuo, ile ya gia 5, imefungia difu ya mbele ndani ya nyumba moja na gia. Oili ni moja kwa wote, lita 3.5 kwa zile zenye tabo, na difu ile ni ya haipoidi. Ndiyo maana Subaru wenyewe waliandika GL-5, 75W-90. Kijana aliyesikia nusu ya maneno akaijaza GL-4 ameziponya pete, akaiacha difu uchi, na difu ikisagika chembe zake zinazunguka humo humo pamoja na gia na beringi. Corolla nayo difu imo ndani ya giaboksi, lakini injini yake imelala kwa upana wa gari, meno ya difu ni ya mshazari tu, hayana ule utelezi wa haipoidi. GL-4 inaitosha kabisa.

Na Lancer Evolution? Mnakumbuka ubishi wa Evolution na Impreza ulikotoka. Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally ya 1996 na Evolution III, mwaka 1997 Colin McRae akajibu na Impreza, na tangu hapo kila kijana wa Afrika Mashariki mwenye mguu mzito ana upande wake. Hata madereva wetu wanaopanda Rwanda kushindana kwenye Mountain Gorilla Rally wanakutana na magari ya nasaba hizo mbili. Barabarani ni mapacha wenye ugomvi. Chini ya bodi hawana undugu: Evolution giaboksi yake inataka GL-4, na transfa iliyobanwa ubavuni mwake, yenye haipoidi, inataka GL-5. Oili mbili, nati mbili, kwenye gari moja. Fundi wa tisini anajaza zote mbili kwa faneli moja. Mtu akishasikia hilo anawezaje kukaa kimya?

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ndani ya nyumba hiyo wanaishi akina nani? Pete peke yake, au pete na haipoidi? Ukishajibu ndipo uongelee uzito, na hapo tena watu wanapotea. Wanaona 75W-90 wanadhani ni nzito mara mbili ya 10W-40 ya injini. Vipimo ni viwili tofauti. Hizo mbili zikipata moto uzito wake unakaribiana. Halafu kuna tabia ya kumimina 140 ili beringi iliyochoka inyamaze. Inanyamaza kweli. Lakini peleka hilo gari Ijenda, liamke asubuhi na baridi ya kule, uone kama gia ya pili itaingia. Pete haiwezi kuikata oili nzito kiasi hicho kwa wakati. Na ile oili iliyoandikwa LSD, ya difu zinazojifunga, imeongezwa dawa nyingine ya utelezi. Msiitie ovyo penye sinkro.

Nashikilia jambo hili la oili kwa sababu ya barabara ya RN1. Kutoka ziwani mpaka Bugarama unapanda zaidi ya mita 1,200, na kinachopandwa kitashukwa. Kwenye kushuka, kona baada ya kona, mbele kuna lori, pembeni kuna mtu wa baiskeli na mikungu yake ya ndizi. Unaitaka gia ya pili ikushike. Ikikataa ukabaki na breki peke yake, breki zinapata moto, na yule wa baiskeli hakuwahi kuulizwa ulijaza oili gani.

Najua maisha ya sasa. Esansi yenyewe tunaiwinda, oili nzuri inasafiri kutoka bandari ya Dar es Salaam, na bei inapanda bila kutuaga. Lakini giaboksi ya Corolla inakunywa lita mbili hazifiki, na haibadilishwi kila mwezi kama ya injini. Tofauti ya bei kati ya kopo lenye lebo na dumu lisilo na jina ni ya lita hizo chache. Fundi, na wewe dai malipo ya kusoma kopo, si ya kufungua nati peke yake. Na ufungue ya kujazia kwanza. Ukimwaga yote kisha ya juu ikagoma, gari limelala hapo.

Oili inayotoka uiangalie juani. Ving'aring'ari vya dhahabu ni pete zinazolika. Vipande vya chuma ni gia au beringi, hapo oili mpya haitaponya. Na nyinyi mliopita Gatumba ziwa lilipofurika 2024, maji yakifika juu ya ringi: giaboksi ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa, na tundu la kupumulia linavuta maji. Kama oili inatoka na rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote hata kama uliinunua wiki iliyopita, jaza mpya, tembea kidogo, kisha mwaga na hiyo.