Utu wa Wolverine Mbele ya Forodha

Tangu Stan Lee na Jack Kirby walipowabuni X-Men mwaka 1963, yaani kundi la mashujaa wa vitabu vya katuni waliozaliwa na uwezo wa ajabu kutokana na mabadiliko katika jeni zao, hoja kuu ya hadithi hizo imekuwa kwamba viumbe hao wanaochukiwa na kuogopwa ni watu kama watu wengine. Hoja hiyo iligusa nyoyo nyingi, ila ilikuwa bado haijapita forodhani.

Sheria ya ushuru ya Marekani ilimtofautisha mwanasesere, yaani sanamu ya kuchezea yenye sura ya binadamu, aliyetozwa asilimia 12, na kichezeo cha kiumbe asiye binadamu, kilichotozwa asilimia 6.8, basi Toy Biz, kampuni tanzu ya Marvel yenyewe, mchapishaji wa hadithi hizo, ikaenda mahakamani kuthibitisha kwamba mashujaa wake si watu. Sanamu zikakaguliwa, makucha ya Wolverine, mmoja wa mashujaa hao, yakapewa uzito wa ushahidi, na mwaka 2003 Jaji Judith Barzilay akaipa kampuni ushindi. Maroboti ya Sentinel, yaliyobuniwa katika hadithi kuwasaka mashujaa hao, hayakuwahi kufanikiwa kuwavua utu. Mawakili wa mwajiri wao walifanikiwa. Mashabiki walipokasirika, Marvel ilitangaza kwamba mashujaa wake ni binadamu halisi. Anayetaka kujua X-Men ni nani, basi, aangalie kwanza anayeuliza ni msomaji au karani wa forodha.