Kompyuta na Wadaiwa Wengine

Mama mdogo ana mashine ya kukoboa mpunga hapa Njisi, na msimu wa mavuno ukifika daftari lake la madeni hunenepa kuliko magunia. Nikamwandikia programu ya Python ya kumtunzia hesabu. Ilikuwa nzuri tu: skrini nyeusi, unaandika jina, unaandika idadi ya magunia, inajibu. Akaitazama kitambo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa umeme umekatika au ndiyo yenyewe?" Yeye alitaka dirisha lenye vitufe, la kubonyeza.

Madirisha na vitufe vina zana zake. Nilianza na mzee wa shughuli, Tk, aliyebuniwa na John Ousterhout katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kutolewa kwa umma mwaka 1991. Python humfikia kupitia Tkinter. Ukisoma vitabu utaambiwa Tkinter huja pamoja na Python yenyewe. Kwenye Ubuntu, mfumo wa laptopu yangu, haiji. Imewekwa pembeni katika kifurushi cha python3-tk, na mwenye shida ndiye anayekiagiza.

Nikakiagiza. Kompyuta ikakataa kwa adabu: orodha ya vifurushi bado si halali, itakuwa halali baada ya dakika 38. Betri ndogo inayotunza saa ya laptopu ilikuwa imekufa zamani, na mdogo wangu alikuwa amezima saa ya mtandao, akairekebisha kwa kutazama simu yake. Simu nayo, kwa kuwa Mto Songwe wa mpakani uko hapo tu, ilikuwa imenasa mnara wa Malawi, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kompyuta ikaletewa orodha iliyoandaliwa muda si mrefu, ikaona imetoka wakati ambao haujafika.

"Inasemaje?" mama mdogo akauliza.

"Inasema tusubiri."

"Huyo namjua," akasema, akafunua daftari na kunionyesha jina.

Saa ikasahihishwa, Tk akafunguka na vitufe vyake vya kijivu. Mdogo wangu akaguna: "Kaka, hivi si vya enzi za Mwinyi?" Hakujua alivyopatia, mwaka 1991 Mzee Ruksa alikuwa bado Ikulu. Akataka tuhamie Qt, kazi ya Wanorwei wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, iliyotoka mwaka 1995 na kuendelea kupambwa hadi leo.

Qt ya Python huagizwa kwa pip. Pip ikajibu kwamba mazingira haya yana msimamizi wake, tukamwone huyo. "Muulize mume wangu," mama mdogo akatafsiri bila kuinua macho, akafunua ukurasa mwingine. Tukaunda mazingira yetu ya pembeni, mamia ya megabaiti yakaanza kushuka, bando likiyeyuka na mvua ya Kyela ikitwanga bati. Mwisho wa yote ukatokea ujumbe: kipande kiitwacho xcb kimeonekana, lakini kimeshindikana kupakiwa.

"Kimeonekana, hakikushikika?" Mama mdogo alicheka hadi akaketi juu ya gunia. "Wa namna hiyo ninao wawili pale Kasumulu. Sokoni wanaonekana, ukifika hawapo."

Kilichokosekana ni maktaba moja ndogo, ambayo Qt imekuwa ikiidai tangu toleo la 6.5. Kazi yake ni kushughulikia kishale cha kipanya. Mzigo wote ule ulikuwa umesimama mlangoni ukingoja kishale.

Bando likaisha kabla kishale hakijafika, hivyo Tk wa enzi za Mwinyi akashinda bila kupingwa. Nikamwekea mama mdogo vitufe viwili: "Amelipa" na "Hajalipa". Akavitazama.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Ila watu wangu hawako hivyo."

Akaniagiza niongeze vitatu, na majina akayachukua kwa kompyuta yenyewe: "Anasema tusubiri", "Muulize mwingine" na "Ameonekana". Vyote vitatu vimejaribiwa kwa wateja halisi na vinafanya kazi bila hitilafu. Kitufe cha "Amelipa" nacho naamini ni kizima. Tunangoja mtu wa kukijaribia.